Pijo ya Mjomba

Sisi wazee wa Mwandiga tukisema "Pijo" twamaanisha gari moja tu: Peugeot 404, iliyoanza kuundwa Ufaransa mwaka 1960. Sifa yake ilitokana na mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Pijo hiyo ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi Tanzania, na msaidizi wake Chris Rothwell. Kigoma magari yale hayakufika, lakini habari zilitufikia, nasi tukazipokea kama ushindi wa nyumbani.

Basi zilikuwapo 404 za namna mbili za petroli. Ya kawaida ilitumia kabureta. Ya pili iliitwa Injection, nayo ilikuwa na pampu ya Kugelfischer ya Ujerumani iliyosukuma mafuta kwa mabomba manne, kila silinda na bomba lake. Injini ya kwanza iliandikwa XC, ya pili XCKF. Kwa nje zilikaribia kufanana. Nyuma tu palikuwa na neno moja la chuma.

Mjomba wangu alinunua iliyokwisha tumika, ikaja kwa treni, na neno lile likimetameta kwenye buti. Alilipia neno hilo fedha za mawese ya misimu miwili.

Niliporudi kutoka kujifunza ufundi nilifungua boneti. Nikaona kabureta. Nikafuta vumbi kwenye namba: XC, basi.

"Vipi, Mjomba?" akaniuliza, maana nasi huitana hivyo pande zote mbili.

Nikamwonyesha. Alinyamaza kitambo, akasema, "Funga."

Miaka miwili baadaye alikuja mnunuzi kutoka njia ya Manyovu, mtu mpole, macho yote kwenye lile neno. Mjomba akasema, "Mfungulie boneti aone mwenyewe." Nikafungua. Yule bwana akaitazama kabureta, nilivyoisafisha ikang'aa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuulizwa, hakuelezwa. Akalipa bei ya Injection.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba hatukusema uongo. Naam, hatukusema. Lakini kufungua si kueleza, na mimi peke yangu pale ndiye niliyejua kusoma kilichofunguliwa. Sehemu yangu ilinunua seti ya spana. Ninazo hadi leo.

Siku hizi vijana huniletea Subaru Impreza zenye herufi za STI nyuma, wakitaka nizisifu. Huwaambia herufi hizo zauzwa dukani kama vifungo vya shati. Impreza ya kizazi cha pili iliyo STI kweli ina gia sita za mkono. WRX ya kawaida ya wakati ule, ikiwa ya gia za mkono, ilikuwa na tano. Hesabuni gia, nasema, kisha someni namba ya chesisi na ya injini.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Fundi ndiye ajuaye vilivyoundwa, na akinyamaza, uwongo ule huwa wake pia. Kwa hiyo sasa hueleza kabla sijaulizwa, hata kama mwenye gari amenuna.