Bolti Zilizoganda Kivukoni: Historia ya Ufundi wa Kungoja

Kabla ya kujengwa kwa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384 na lililofunguliwa rasmi Mei 2018, gari lolote lililotoka Ifakara kuelekea Lupiro na Mahenge lililazimika kuteremka hadi ukingo wa Mto Kilombero pale Kivukoni na kuvushwa kwa pantoni, yaani chombo bapa kinachobeba magari na abiria kwa pamoja. Kwa kuwa njia za ng'ambo zote mbili zilipita katika ardhi oevu ambayo mto huifurikia wakati wa masika, lori lililozoea safari hiyo lilibeba uvunguni mwake tope la mfinyanzi lililokauka kwa nje huku likihifadhi unyevu kwa ndani. Ufundi wa magari katika bonde hilo ulikua kwa kupambana na tope hilo, na pambano lenyewe lilikuwa gumu zaidi kwenye bolti iliyoganda.

Bolti huganda kwa sababu kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma kilicholiwa, na kati ya nyuzi za bolti na zile za nati hakuna upenyo wa kuipokea, hivyo kutu hujibana na kuvifunga vyuma viwili kana kwamba vimechomelewa. Land Rover, gari lililotawala barabara mbovu za Afrika Mashariki kwa miongo kadhaa, liliongeza tatizo la pili: lilipoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa bado cha mgawo baada ya vita, na bodi yake ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Alumini ikigusana na chuma penye maji, umeme mdogo hupita kati ya metali hizo mbili na alumini huliwa, ikiacha unga mweupe unaoishikilia bolti kwa ukaidi usiopungua ule wa kutu.

Ugumu mwingine ulitokana na vipimo. Magari ya Kiingereza yalitumia spana za inchi, ilhali magari ya Kijapani na yale ya Kichina, yakiwamo malori yaliyotumika katika ujenzi wa reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, yalitumia milimita. Reli hiyo ilipita Mang'ula, Ifakara na Mlimba, na kwa hiyo mifumo yote miwili ilikutana katika bonde moja. Spana ya milimita 13 huingia kwenye kichwa cha nusu inchi, ambacho ni milimita 12.7, na fundi asiye na nyingine huitumia; lakini pengo hilo dogo hutosha kuzila kona za kichwa pale bolti inapokataa kuzunguka, na kichwa kikishakuwa duara spana haina kazi tena.

Hata hivyo, kilichoufanya ufundi huo uwe wa subira kuliko nguvu ni uhaba. Baada ya bei ya mafuta kupanda duniani na vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 hadi 1979, Tanzania ilikosa fedha za kigeni, vipuri vikaadimika, na magari mengi yakasimama juu ya mawe kwa kukosa vitu vidogo kabisa. Bolti iliyokatika katika hali hiyo haikuwa hasara ya shilingi chache, bali ingeweza kulilaza gari majuma mengi, na kwa hiyo fundi aliyeharakisha alihesabiwa kuwa fundi mbaya. Njia iliyofaa ilianza kwa kusugua nyuzi kwa brashi ya waya, kisha kugonga kichwa cha bolti kwa nyundo, si kwa hasira bali kwa mapigo mafupi ya kuipasua kutu, na kuilowesha kwa mafuta ya taa au dizeli usiku kucha. Asubuhi fundi hakuanza kwa kufungua, bali kwa kukaza kidogo, halafu akalegeza robo mzunguko, akarudisha, akaongeza mafuta. Wenye papara waliochomeka bomba kwenye mpini wa spana ili kuongeza nguvu mara nyingi waliambulia kichwa mkononi. Moto wa gesi ulifuata pale tu mafuta yaliposhindwa, nao ulielekezwa kwenye nati ili itanuke kabla ya bolti, mbali na tangi na mipira ya breki.

Kuanzia mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, vipuri vilianza kurejea, na baadaye grainda, mashine ya umeme ya kukatia chuma, ikaifanya subira ionekane ushamba. Kukata bolti na kununua nyingine kweli ni nafuu, lakini nafuu hiyo huishia pale bolti inapokuwa ndani ya injini, ambako grainda haifiki.

Pantoni haivushi tena magari Kivukoni, lakini kutu haikuondoka nayo. Magari yaliyotumika Japani huja na kutu yake, hasa yale ya mikoa ya kaskazini ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Bolti inayomshinda fundi wa Ifakara leo huenda ilianza kushika kutu miaka mingi kabla gari halijashushwa bandarini Dar es Salaam, na anayetaka kuitoa nzima bado hana budi kuilowesha jioni na kuirudia asubuhi.