Kipanga Asiyesoma na Azimio la Musoma

Kila mwaka hunijia wanafunzi waliofaulu kidato cha sita pasipo kusoma kwa bidii. Kusikiliza darasani kuliwatosha. Nami nilikuwa miongoni mwao, hadi mtihani wa kwanza wa chuo kikuu uliponiumbua.

Suala hili si geni. Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alihoji mitihani inayopima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa kwa muda uliopangwa. Aliyejaliwa kumbukumbu kali hakudaiwa zaidi. Novemba 1974, Azimio la Musoma likakataa mtihani wa mwisho kuwa kigezo pekee: kazi za darasani na mwenendo navyo vihesabiwe, na mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu.

Sharti hilo la kazi halikudumu, lakini hoja yake ingali hai. Kipanga hana kosa, alijibu alichoulizwa. Kosa ni letu tunaotunga maswali yasiyodai jasho, kisha tukashangaa kijana mwerevu anapokutana na jambo gumu kwa mara ya kwanza, akadhani akili zimemwishia.