Usukani na Bunduki: Kuwakumbuka Wazee Wetu Askari

Tunapomzika mzee aliyekuwa askari na baadaye shofere wa kamyo, tunataja umri wake na wajukuu wake, kisha tunanyamaza. Barabara alizopita huzikwa pamoja naye. Yafaa tuzifukue.

Mwaka 1941, Bukavu ikiwa bado inaitwa Costermansville, vikosi vya Force Publique vilitoka Kongo, vikapitia Sudani hadi Uhabeshi. Viliteka Asosa mwezi Machi, kisha Gambela. Na tarehe 3 Julai Jenerali Gazzera wa Italia alisalimu amri huko Saio. Kabla ya ushindi huo, njaa na maradhi viliwadhoofisha mno askari na wapagazi, kwa kuwa chakula kilitoka mbali na mvua iliharibu njia. Hapo aliyefikisha gunia la unga hakuwa na thamani ndogo kuliko mpiga bunduki.

Baadaye kikosi kingine kilipelekwa Nigeria, na msafara wa magari ukavuka bara kutoka Lagos hadi Misri, ukikata jangwa. Wakongomani waliozoea misitu na milima walijifunza kuendesha kamyo katika mchanga.

Hata hivyo, tusiwapambe kupita kiasi. Jeshi hilo hilo lilikuwa mkono wa ukoloni, nalo liliwatisha na kuwaadhibu wananchi. Nao askari wenyewe walionja udhalimu wake: hadi uhuru wa 1960 hapakuwa na Mkongomani hata mmoja aliyefikia cheo cha afisa. Walipigania uhuru wa wengine huku wao hawana. Kuwakumbuka kwa haki ni kuyashika yote mawili, ushujaa na uchungu.

Mwaka 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani mjini Kinshasa Koplo Albert Kunyuku, aliyetumika Burma na aliyekuwa na umri wa miaka mia moja. Heshima hiyo ilikuja miaka zaidi ya 70 baada ya vita. Wenzake wengi hawakuisubiri.

Sisi tusichelewe hivyo. Katika mitaa ya Kadutu, Bagira na Ibanda wamo wazee waliovaa sare katika nyakati zilizofuata, wakashika usukani katika mteremko wa Kamanyola kwenda Uvira. Twende na daftari. Tumwulize mzee: ulifundishwa wapi kuendesha? Ulibeba nini? Nani hakurudi? Kisha tuandike anavyosema, bila kupunguza wala kuongeza.