Jicotea, Kobe Aliyevuka Bahari

Jicotea ni kobe mdogo wa mito na mabwawa ya Kuba. Mwendo wake mzito, na kinga yake ni gamba tu. Hata hivyo, katika ngano za Wakuba wenye asili ya Afrika, ndiye anayewazidi wenye nguvu kwa akili, kwa maneno, na pengine kwa uchawi. Si mwema sikuzote: huiba, hudanganya, hulipiza kisasi.

Kisa chake kilianza mbali na Kuba. Waafrika zaidi ya laki saba walishushwa kisiwani humo kama watumwa, wengi wao katika karne ya 19, mashamba ya miwa yalipopanuka. Wayoruba waliokuwa miongoni mwao, ambao huko waliitwa Walukumi, walikuja na hadithi za Ajapa, kobe mjanja wa kwao. Ajapa akageuka Jicotea. Sishangai kwamba walimpenda. Mtu aliyeshinda chini ya mjeledi alihitaji kusikia, jioni, kwamba mnyonge anaweza kumshinda bwana.

Utumwa ulikomeshwa mwaka 1886, lakini wazee hawakuacha kusimulia. Lydia Cabrera, binti wa familia yenye uwezo mjini Havana, alianza kusikia ngano akiwa mtoto, kutoka kwa yaya wake Tata Tula. Alipokua, Teresa Muñoz, mshonaji wa familia aliyejulikana pia kama Omí Tomí, alimpeleka kwa wazee wa Kilukumi waliokuwa hawamfungulii mgeni mlango ovyo.

Mwaka 1927 Cabrera alikwenda Paris kusomea uchoraji. Rafiki yake, mwandishi Teresa de la Parra wa Venezuela, alipougua kifua kikuu, Cabrera alimwandikia ngano ili kumliwaza kitandani. Kitabu kilichotokana na maandishi hayo kilitoka kwanza kwa Kifaransa, mwaka 1936; Wakuba wakakipata kwa Kihispania mwaka 1940. Mwaka 1960 aliihama Kuba. Akiwa uhamishoni Miami, mwaka 1971, alichapisha kitabu kizima cha visa vya Jicotea, akakiita *Ayapá*, yaani Ajapa, jina lile la Kiyoruba.

Jina lililo kwenye jalada ni la Cabrera, naye analistahili. Lakini kabla ya kalamu yake, ngano hizo zilitunzwa vichwani na watu walionyimwa shule. Wanaozichapisha leo waanze kwa kuwataja Tata Tula na Omí Tomí.