Nairobi, 1998 hadi 2019: Ushujaa na Utaratibu wa Kuokoa Majeruhi

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti, mwaka 1998, muda mfupi baada ya saa nne na nusu asubuhi, lori lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, karibu na mahali zinapokutana barabara za Haile Selassie na Moi. Mlinzi wa Kikenya, ambaye hakuwa na silaha, alitakiwa afungue kizuizi akakataa. Walinzi walijaribu kuwaarifu askari waliokuwa ndani. Taarifa ya tume ya uchunguzi ya Marekani, iliyotolewa mwezi Januari 1999 chini ya uenyekiti wa Admirali William Crowe, yaeleza kwamba masafa ya redio yalikuwa yamekaliwa na mazungumzo mengine, na simu nayo ilikuwa inatumika. Mmoja wa washambuliaji akatupa bomu dogo la kishindo. Watumishi wa ubalozi na wa majengo ya jirani waliposikia mlio huo walifanya jambo ambalo binadamu yeyote asiye na mafunzo hulifanya: walikwenda madirishani kutazama. Ndipo bomu kubwa lilipolipuka.

Watu 213 walipoteza maisha mjini Nairobi. Wamarekani walikuwa 12. Waliobaki, karibu wote, walikuwa wananchi wa Kenya. Waliojeruhiwa walizidi 4,000. Vioo vya jengo refu la Benki ya Ushirika vilipukutika juu ya watu barabarani, na jengo la Ufundi, lililokuwa na chuo cha makatibu muhtasi, likaporomoka kabisa. Wengi miongoni mwa wale waliokuwa madirishani walipigwa na vigae vya kioo usoni, na wako waliopofuka tangu siku ile. Dakika chache tu zilipita kabla ya bomu la pili kulipuka mjini Dar es Salaam, ambako watu 11 waliuawa na zaidi ya 80 kujeruhiwa. Mkono uliofanya unyama huo ulikuwa mmoja, nao ni wa kundi la Al-Qaida.

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya waliolipua mabomu yale. Juu ya saa mbili za kwanza baada ya mlipuko yameandikwa machache zaidi, hali saa hizo ndizo zilizowahusu zaidi askari, polisi, waganga na wauguzi.

Ushujaa haukukosekana hata kidogo. Raia walipanda juu ya kifusi cha jengo la Ufundi wakaanza kufukua kwa mikono mitupu. Majeruhi walibebwa mgongoni, katika magari ya watu binafsi, katika mabasi na matatu. Wananchi wa Nairobi walipanga foleni kutoa damu. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, na St John Ambulance, walifika na vifaa walivyokuwa navyo. Isitoshe, nchi hiyo haikuwa ngeni katika kazi ya kuwafuata wagonjwa mahali walipo. Tangu mwaka 1957 Nairobi ilikuwa makao ya Madaktari Warukao, shirika lililoanzishwa na madaktari wapasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, ambalo ndege zake na redio zake zilifika hospitali za mbali katika Afrika Mashariki nzima. Lakini ujuzi ule ulikuwa umejengwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja aliye mbali. Siku ile walitokea wagonjwa elfu kadhaa, wote pamoja, katikati ya mji.

Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusema: wewe nenda kule, yule abaki hapa, gari hili liende hospitali ile. Umati uliotaka kusaidia ulikuwa pia ndio umati ulioziba njia. Sehemu kubwa ya majeruhi ilielekea Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, kwa sababu ndiyo iliyojulikana na kila dereva. Katika maafa ya namna hii, wenye majeraha madogo aghalabu hutangulia kufika, maana wanaweza kutembea na kupanda gari wenyewe. Wanazijaza meza za waganga kabla hawajafika wale wanaovuja damu ndani ya tumbo. Mganga hodari na muuguzi mwenye moyo wanaweza kujikuta wanashona paji la uso la mtu mmoja wakati mwingine anakata roho ukumbini.

Dawa ya tatizo hilo ilitoka jeshini, zaidi ya miaka 200 iliyopita. Dominique Jean Larrey, tabibu mkuu katika majeshi ya Napoleon, aliona kwamba majeruhi walikuwa wakiachwa uwanjani mpaka vita vimalizike, na kwamba maofisa walitibiwa kabla ya askari wa kawaida. Kuanzia miaka ya 1790 aliunda magari mepesi ya kukokotwa na farasi, yaliyoingia karibu na mapigano na kuwatoa majeruhi mapema. Kubwa kuliko magari hayo ni amri yake kwamba anayetibiwa kwanza ni yule aliye katika hatari kubwa zaidi, bila kujali cheo wala taifa. Kutokana na kanuni hiyo umekuja utaratibu wa leo wa kuwatenga majeruhi kwa kadi za rangi: nyekundu kwa asiyeweza kungoja, njano kwa anayeweza kungoja kidogo, kijani kwa anayetembea, na nyeusi kwa aliyekufa au asiye na matumaini. Kazi ya kugawa kadi hizo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Anayeifanya hatibu. Anapita, anatazama, anaamua, anaendelea, hata kama majeruhi anamshika mguu akimsihi asimame. Hakuna anayeweza kujifunza uamuzi wa namna hiyo siku ya tukio lenyewe.

Hali kadhalika kufukua kifusi. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo akivutwa kwa mikono na waokoaji wenye haraka anaweza kupooza maisha yake yote. Aliyebanwa mguu na zege kwa muda mrefu anaweza kuonekana mzima, akazungumza, kisha akafa baada ya kutolewa, kwa kuwa sumu iliyojikusanya katika misuli iliyopondwa hutiririka katika damu na kuziharibu figo. Daktari Eric Bywaters aliyaeleza mambo hayo mwaka 1941, alipowachunguza watu waliotolewa chini ya majengo yaliyobomolewa na mabomu ya Wajerumani mjini London. Ndiyo sababu mganga hutakiwa kumtia mtu huyo maji mishipani kabla zege halijanyanyuliwa, naye fundi wa kunyanyua zege hutakiwa kumngoja mganga. Kikosi cha Israeli kilichofika siku ya pili kilikuwa na mbwa, vyombo na desturi hiyo ya kungojeana, na kilifanya kazi pamoja na Wakenya, Wafaransa na Wamarekani. Wakenya wa umri fulani hawajamsahau mwanamke aliyezungumza na waokoaji kutoka chini ya kifusi cha Ufundi kwa siku kadhaa, taifa zima likifuatilia, na ambaye alikutwa amekwisha kufa walipomfikia.

Kuna jambo moja zaidi la siku ile ambalo lilileta uchungu mkubwa. Wanamaji wa Marekani waliuzingira ubalozi wao kwa silaha wakawazuia raia waliotaka kuingia kuokoa. Magazeti ya Kenya yalilalamika vikali kwamba nyaraka zilithaminiwa kuliko watu. Balozi Prudence Bushnell, ambaye mwenyewe alijeruhiwa, alieleza kwamba jengo lilikuwa la hatari na kwamba shambulio jingine lingeweza kufuata. Sababu hiyo haikuwa ya uongo. Washambuliaji wa namna hii wanajulikana kwa kuwavizia waokoaji. Hata hivyo malalamiko nayo yalikuwa na msingi. Askari aliyewekwa kwenye kamba alikuwa na amri ya kuzuia, wala hakuwa na amri ya kumpitisha mwenye machela, na hapakuwa na afisa wa Kenya na wa Marekani waliosimama pamoja mahali pamoja kuamua nani apite. Kamba ikawa ukuta.

Mwaka uliofuata na ile iliyokuja baadaye haikupita bure. Kenya ilianzisha huduma ya taifa ya damu salama, kwa msukumo uliotokana na maafa hayo. Katiba iliyopitishwa mwaka 2010 ilitamka katika ibara ya 43 kwamba mtu yeyote hatanyimwa matibabu ya dharura, na katika ibara ya 241 kwamba majeshi ya ulinzi yatasaidiana na mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, na kulitolea Bunge taarifa kila yanapotumiwa hivyo. Maneno ya ibara hizo ni mazuri. Lakini kusaidiana kulikoandikwa katika katiba hakumwambii koplo aliye mlangoni atumie masafa gani ya redio.

Hilo lilionekana Jumamosi ya tarehe 21 Septemba, 2013, wakati watu wanne wa kundi la Al-Shabaab walipoingia katika jengo la maduka la Westgate wakiwa na bunduki na mabomu ya mkono. Katika saa za mwanzo, polisi wachache wasio na sare, raia wenye silaha zilizosajiliwa na watumishi wa Msalaba Mwekundu waliingia na kuwatoa mamia ya watu, kina mama na watoto wakiwa miongoni mwao. Baadaye kikaingia kikosi maalumu cha polisi, na baada yake jeshi. Vikosi hivyo viwili havikuwa chini ya kamanda mmoja wala havikusikilizana kwa redio. Afisa mmoja wa kikosi cha polisi aliuawa kwa risasi zilizotoka upande wa wenzake, na polisi wakaondoka jengoni. Mzingiro ulidumu siku nne. Waliouawa na washambuliaji walikuwa 67.

Kwa mtazamo wa kitabibu, kuvurugika kwa amri ni jambo la damu halisi. Mtu aliyekatika mshipa mkubwa wa paja anaweza kufa katika dakika chache. Anayeweza kumwokoa ni yule aliye karibu naye akiwa na mkanda wa kukaza, au hata shuka na kijiti, na ujuzi wa kuvitumia. Madaktari wa kijeshi wa Marekani walilithibitisha jambo hilo katika miaka ya 1990, walipochunguza vifo vya vitani na kuona kwamba damu inayotoka mikononi na miguuni ndiyo iliyoua wengi ambao wangeweza kuponywa. Kutokana na hapo pakazuka utaratibu wa kuligawa eneo la tukio sehemu tatu: panapopigwa risasi, ambapo huingia wenye silaha peke yao, palipokwisha kupitiwa lakini hapajawa salama kabisa, ambapo mganga huingia akilindwa na askari, na nje, penye magari ya wagonjwa. Sehemu ile ya katikati ndiyo inayotenganisha uhai na kifo, nayo haiwezi kuwapo iwapo askari na mganga hawajawahi kufanya mazoezi pamoja. Askari wasiojua nani yumo ndani hawawezi kumhakikishia mganga lolote.

Tarehe 2 Aprili, 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, kosa lilikuwa la aina nyingine. Shambulio lilianza alfajiri. Kikosi maalumu kilikuwa Nairobi, zaidi ya kilometa 300 kutoka hapo, kikacheleweshwa na mipango ya usafiri, na kilipoingia jioni kilimaliza kazi kwa muda mfupi. Watu 148 walikuwa wamekwisha kuuawa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi.

Shambulio la tarehe 15 Januari, 2019, katika majengo ya hoteli ya DusitD2 yaliyopo Riverside, Nairobi, lilianza alasiri kwa mtu aliyejilipua, na wenzake wanne wakaingia wakifyatua risasi. Safari hii kikosi maalumu cha polisi kilikuwa mahali pale mapema na kikaongoza kazi. Vikosi viliingia chumba baada ya chumba, watu wakitolewa kwa makundi na kukabidhiwa kwa waganga na wauguzi waliongoja nje na magari yao. Mambo hayakuwa mepesi. Wako waliokesha mafichoni chini ya meza na ndani ya vyoo hadi usiku wa manane, wakiwasiliana na jamaa zao kwa simu bila kujua kama mlango utafunguliwa na mwokozi au na muuaji. Watu 21 walikufa. Lakini zaidi ya 700 walitolewa, na Rais Uhuru Kenyatta alitangaza asubuhi ya siku ya pili kwamba kazi imekwisha. Siku nne za Westgate zilikuwa zimepungua hadi chini ya saa 20.

Lililobadilika kati ya mwaka 2013 na 2019 si idadi ya bunduki. Polisi wa Kenya, jeshi na watu wa huduma ya kwanza walikuwa wamekubaliana mapema juu ya nani anaamuru, nani anazungumza na nani, na majeruhi anapitia njia ipi kutoka ngazini hadi garini. Nje ya Nairobi hali hiyo bado haijaenea. Katika kaunti nyingi za Kenya, kama ilivyo kwa jirani zake, aliyegongwa na gari usiku hufika hospitali nyuma ya pikipiki au katika gari la polisi, akiwa amelazwa sakafuni, naye konstebo aliyempakia ndiye tabibu wake wa kwanza.