Gobore Halikwami: Bunduki za Biharamulo na Ngara Tangu 1861

Mwaka 1890 yalitokea mambo mawili yasiyojuana. Huko Marekani, kampuni ya Winchester ilianza kuuza bunduki ndogo ya .22 iliyobuniwa na akina Browning. Mpigaji akivuta nyuma kishikio cha mbao kilicho chini ya mtutu, ganda tupu huruka nje. Akikisukuma mbele, risasi nyingine huingia. Tarehe 2 Julai mwaka huohuo, mjini Brussels, wakubwa wa dunia walitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Mkataba huo ulikuwa na masharti ya silaha pia: kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa zisiingizwe kiholela. Kilichoachiwa mlango ni gumegume lisilo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida.

Biharamulo na Ngara ziko nyuzi mbili na nusu hivi kusini ya ikweta. Ziliangukia katikati kabisa ya ukanda huo.

Bunduki hazikuwa ngeni huku. Mwaka 1861, Waingereza John Hanning Speke na James Grant walipita Usui, nchi ambayo leo ni sehemu ya Biharamulo, wakielekea Karagwe kwa Mukama Rumanika. Wapagazi na walinzi wao walibeba bunduki, lakini hazikuwaokoa na hongo: mtawala wa Usui, Suwarora, aliwaweka mpaka aliporidhika na alichopewa. Misafara ya pwani ilikuwa imeshaizoea njia hiyo kabla yao. Bunduki ya siku hizo, gobore, ilishindiliwa kwa mdomoni, baruti kwanza, kisha risasi. Kila mlio ulidai kazi upya.

Ile ya Browning ilifuta kazi hiyo, ikaleta taabu nyingine. Risasi zake hukaa zimefuatana ndani ya bomba chini ya mtutu, springi ikizisukuma moja moja kwenye kijiko kinachozipandisha hadi mlango wa chemba. Kijiko hicho kina urefu wake. Kwa hiyo kila Winchester ya 1890 ilitengenezwa kwa aina moja tu ya .22, fupi au ndefu. Ukiitia isiyo yake, inagoma. Mdogo wake, modeli ya 1906, nao ulianza na risasi fupi peke yake, na 1908 ndipo ukarekebishwa kupokea aina tatu. Risasi ya .22 yenyewe ni laini, imepakwa mafuta, na fataki yake imefichwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Mabaki ya risasi na mafuta yakigandamana, bomba likibonyea au springi ikilegea, risasi husita njiani. Hata hivyo, mkosaji wa kwanza mara nyingi ni mkono wa mpigaji: akivuta nusu, ganda tupu halitoki, na jipya linaligonga kwa nyuma. Ukiniuliza, kabla ya kufungua skrubu yoyote, mwangalie kwanza mtu anavyovuta.

Gobore halina habari na hayo yote. Halina springi ya risasi, kijiko wala ganda la kukwama. Linaweza kunyeshewa likanyamaza, linaweza hata kupasuka likamdhuru mwenyewe, lakini kukwama kwa kulisha risasi halikujui.

Wenye dola wenyewe hawakuwa mbele sana. Vita vilipoanza mwaka 1914, kombania nyingi za askari wa Mjerumani bado zilibeba Mauser ya 1871: risasi moja moja, na moshi mzito uliomtangazia adui walipolala. Juni 1916 Wabelgiji wa Jenerali Tombeur waliiteka Biharamulo na boma lake. Baadaye Mwingereza alikuja na .303, yenye risasi kumi katika magazini, lakini nayo ina ukingo kitakoni. Ukizipanga ovyo, ukingo wa risasi ya juu ukakaa nyuma ya ule wa chini, zinang'ang'aniana. Kwa maoni yangu, askari alipaswa kufundishwa kuzipanga kabla ya kufundishwa shabaha.

Kisha ikaja ile ambayo polisi wetu huiita SMG, yaani AK-47. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara, na kambi ya wakimbizi ya Benaco ikageuka mji. Waliovuka waliacha mapanga mpakani, marundo kwa marundo. Vita vya Rwanda na Burundi vilimwaga bunduki katika eneo zima, na kwa miaka mingi baadaye mabasi yalisindikizwa na polisi kupita mapori ya Kimisi na Kasindaga. Bunduki hiyo ilipendwa na wanyang'anyi kwa sababu ileile iliyowapendeza wanajeshi: ganda lake halina ukingo uliojitokeza, limechongoka kidogo kuelekea mbele, kwa hiyo linaingia na kutoka chembani bila ugomvi hata penye vumbi. Pinda la magazini yake linatokana na uchongo huohuo.

Dola nazo zikakaza. Azimio la Nairobi la silaha ndogo lilitiwa saini Machi 2000, itifaki yake ikafuata 2004, na Tanzania ikatunga sheria mpya ya silaha na risasi mwaka 2015. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, ambako mwindaji wa kienyeji hana tena kibali cha kutafuta.

Ile ya kuvuta na kusukuma imefika pia, lakini kwa umbo la shotgun, na wengi wetu tumeiona begani mwa mlinzi wa benki. Ya .22 ya akina Browning, iliyouzwa zaidi ya 800,000 kabla ya kusimamishwa 1932, ilibaki kuwa ya mabanda ya shabaha ya Marekani. Huku, serikali ikitangaza msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari, linalorudishwa mara nyingi bado ni gobore, mtutu wake wa bomba na kitako cha mti, aina ileile ambayo wakubwa wa Brussels waliiona haina madhara kwao.