Habari za Chumba cha Kupanga

Msomaji, iko siku utakunja godoro lako na kulifunga kwa kamba, utie sufuria mbili na ndoo juu ya mkokoteni, na utoke kwa wazazi wako uende ukakae katika chumba chako mwenyewe. Labda siku hiyo i mbali. Labda ni mwaka ujao tu, mtihani wako ukiisha. Utadhani ni jambo lako peke yako. Lakini mlango ule utakaoufungua kwa ufunguo wako una habari ndefu nyuma yake, na hapa Nakuru habari hiyo si ya furaha tupu.

Hapo kale kijana hakuhama kwa wazazi wake, alisogea tu. Kwa Waluo mvulana aliyekua alijijengea simba, yaani nyumba yake ndogo karibu na lango la boma la baba. Kwa Wakikuyu aliyekwisha kutahiriwa hakulala tena nyumbani mwa mama yake, bali katika thingira, nyumba ya wanaume. Hakulipa kodi kwa mtu, na chakula chake kiliendelea kutoka jikoni kwa mama. Msichana hakupewa hata hicho kibanda. Yeye alihama mara moja tu, siku ya kuolewa, naye alihamia kwa wengine.

Ndipo ikaja reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na Nakuru ikatangazwa kuwa mji mwaka 1904. Nchi iliyouzunguka mji ilikwisha kugawiwa walowezi. Waafrika waliokaa katika mashamba hayo walikaa kwa sharti: sheria ya mwaka 1918 iliwalazimu wamfanyie mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Fikiri maana yake kwa kijana wa siku hizo. Nyumba ya baba yake haikuwa ya baba yake. Mlowezi akikasirika, familia nzima ilifungasha. Na kijana akitaka kwenda mjini kutafuta riziki, alikwenda na kipande kimening'inia shingoni ndani ya kibweta cha chuma, ili kila askari ajue ni nani aliyemwajiri na ni lini alimwacha.

Mjini nako alihesabiwa mgeni. Serikali ya kikoloni ilishika wazo moja kwa miaka mingi, kwamba Mwafrika huja mjini kufanya kazi tu, kisha hurudi kwao. Kwa hiyo alilipwa mshahara wa mtu mmoja, asiye na mke wala mtoto, na makao aliyopewa yalikuwa ya mtu mmoja vilevile. Pengine hata chumba hakuwa nacho, ila nafasi ya kitanda. Ukienda Bondeni au Kaloleni utaona jinsi mitaa ya Waafrika ilivyopangwa: safu za vyumba vidogo, bomba moja la maji la watu wengi, choo cha watu wengi. Wanaume walilala pamoja chumbani, mmoja akirudi kutoka zamu ya usiku wakati mwenzake anaamka. Mke aliyekuja kumwona mumewe aliletea chumba kizima taabu.

Mambo haya hayakubadilika kwa huruma ya mtu. Wafanyakazi wa Mombasa waligoma mwaka 1939, na moja la madai yao lilikuwa fedha za nyumba. Wakagoma tena Januari 1947, safari hii mji wote, na aliyewaongoza akawa Chege Kibachia. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilikiri jambo ambalo kila mpishi na kila kuli alilijua zamani, kwamba mshahara wa mtu mmoja hauwezi kulea familia. Ikashauri mshahara upandishwe hatua kwa hatua hata umtoshe mtu na jamaa yake, pamoja na fedha za makao. Ona mwaka wenyewe, msomaji: ulikuwa katikati ya Hali ya Hatari, maelfu wakiwa kizuizini.

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963 njia za mjini zilifunguka. Hesabu ya watu ya mwaka 1969 ilikuta Nakuru watu 47,151; ile ya 1979 ilikuta 92,851. Katika miaka kumi mji ulikaribia kuwa mara mbili, na nyumba za baraza la mji hazikutosha. Watu hawa wote walilala wapi?

Wengi walilala Kaptembwo na mitaa iliyo jirani nayo. Kaptembwo iko magharibi ya mji, nayo jina lake laanza na lile "Kap-" ambalo katika lugha za Wakalenjin huonyesha mahali pa mtu au pa kitu fulani. Palikuwa shamba. Baada ya uhuru watu wa kawaida, ambao hakuna hata mmoja wao angeweza kununua shamba peke yake, waliunganisha fedha zao wakanunua ardhi kwa pamoja, kisha wakagawana vipande. Aliyepata kipande akajenga chumba kimoja cha mbao na mabati, akakipangisha. Kwa kodi yake akajenga cha pili. Ndivyo ilivyozaliwa ploti: vyumba vya futi kumi kwa kumi vinavyotazamana, ua mwembamba katikati, kamba za nguo, na choo cha shimo mwishoni. Sheria ya kuzuia kodi isipandishwe ovyo ilikuwapo tangu mwaka 1959, lakini ni wapangaji wachache mno waliojua hata mlango wa ofisi yake.

Choo hicho kimoja chataka maneno yake. Kaya kumi au zaidi zilikitumia, na mwenye nyumba mara nyingi alikaa mbali asisikie harufu. Kuanzia mwaka 2012 mashirika ya Practical Action na Umande Trust yalifanya kazi Kaptembwo na Rhonda kuwashawishi wenye ploti wajenge vyoo bora. Usicheke. Vita vingi katika vitabu vyako vya historia vimebadilisha maisha ya mtu wa kawaida kuliko choo? Mimi sina hakika.

Vijana waliopanga vyumba hivi walifanya kazi mjini, kwa mfano katika kiwanda cha betri cha Eveready, kilichofunguliwa mwaka 1967 na kufungwa mwaka 2014. Walizaa watoto humo humo chumbani. Hata hivyo ukiwauliza "Nyumbani ni wapi?" walitaja Kisii, au Bomet, au Nyeri. Hawakusema Kaptembwo.

Swali hilo lilifika mahakamani. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mkewe, Wambui, alitaka amzike karibu na Nairobi walikoishi. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Ukoo ulisema kwamba Mluo mjini ana nyumba tu, hana nyumbani. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki, naye akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Wengine waliisifu hukumu, wengine wakamlilia mjane. Mimi nilipoisoma niliwafikiria wapangaji.

Kwa maana Januari 2008, baada ya uchaguzi, neno "kwenu" liligeuka kuwa silaha. Katika Kaptembwo majirani walioazimana chumvi waliambiana warudi kwao. Watu waliuawa, vyumba vikachomwa, na maelfu wakakimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo na uwanja wa michezo wa Afraha. Walikuwamo waliozaliwa mjini hapa, wasiojua hata njia ya huko walikoambiwa ni kwao.

Mitaa ikajaa tena. Hesabu ya 2019 ilikuta Nakuru watu 570,674, na siku hizi magorofa yamesimama palipokuwa na mabati. Mimi nilipotoka chuo cha ualimu nilipanga chumba Kaptembwo kwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Mama alikuja kunitazama. Kiti sikuwa nacho, akakaa kitandani, akaitazama dari, akalisifu dirisha. Kisha akaniuliza, "Na nyumbani utakuja lini?" Nikamjibu kwamba nitakuja Krismasi.